Mguu Mmoja Usilale

Jumanne, saa moja na nusu, umeme wa jiji umekatika.
Jenereta ya Port Reitz inakohoa mara mbili, inakubali.
Nacheka peke yangu: sisi ndio tuliokuja na umeme.

Umazi Chengo, miaka thelathini na minne,
karani wa makontena Kipevu,
wiki ya saba leo hajasema neno.
Ukimwinua mkono unabaki ulipouacha,
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Kaka yake amempaka mafuta ya nazi miguuni
maana, anasema, hata asiyetoka nje
hastahili kupauka.

Daktari wa akili atapitisha mkondo wake,
sekunde chache, kifafa cha kuazima.
Kazi yangu ni mwili usije ukalipa deni hilo:
mfupa usivunjike, bega lisiteguke.
Nusukaputi, waliita waliotangulia, na walijua.
Nusu. Ile nyingine ndiyo ninayolipwa kuilinda.

Trei ina vichupa viwili.

Suksa naipenda, sitaficha.
Inaingia ikijitangaza: kope, shavu, paja,
misuli ikitetema chini ya ngozi
kama maji yanayokaribia kuchemka,
kisha kimya; na baada ya dakika tano imekwisha,
mgonjwa anapumua mwenyewe, sista anaita anayefuata.
Dawa ya foleni ndefu na bajeti fupi.

Lakini msuli uliolala wiki saba una ujanja wake.
Hutoboa milango pasipokuwa na milango,
na suksa ikibisha, yote hufunguka kwa pamoja:
potasiamu inamwagika damuni,
na moyo, ambao haukuambiwa lolote,
unasimama.
Nimewahi kuona. Baharia mstaafu, mgongo wote umeungua.
Siku hiyo nilikuwa na haraka.
Sisemi zaidi.

Basi rokuroniamu, kutoka kwenye friji
ambayo usiku kucha sijui ilikuwa baridi kiasi gani.
Inachelewa kufika, inachelewa kuondoka.
Dawa ya kuitengua papo hapo ipo mjini,
ipo nyuma ya kioo, na bei yake imegeuzwa upande wa ndani.
Kwa hiyo mkono wangu utakuwa mapafu yake
nusu saa, pengine zaidi.
Foleni itanung'unika. Na inung'unike.

Kabla ya yote, mkanda wa presha
chini ya goti la kulia, nakaza hadi damu isipite.
Mguu mmoja usilale.
Huo ndio utakaotupa habari.

Usingizi. Dawa. Kinga ya meno.
Ndege ya asubuhi inapita chini chini, vioo vinatikisika.
Daktari Shee anabonyeza.

Uso umetulia. Mikono imetulia.
Na kule mwisho wa shuka mguu wa kulia
unapiga, unapiga, unang'aa nazi,
thelathini na moja, thelathini na mbili,
kama mtu anayegonga mlango wa nyumba
ambayo majirani wanasema haina watu.

Arubaini na nne. Kwisha.

Kaka ameufungua mlango; hakuruhusiwa.
"Amesogea," anasema. "Jamani, amesogea."
Nimwambie nini? Kwamba hakuwa yeye?
Nabana mfuko, naachia. Nabana, naachia.

Ilikuwa mara ya nne, Alhamisi ya wiki iliyofuata,
alipofumbua macho, akaitazama alama ya mkanda,
akakunja uso kama karani aliyeona hesabu haitimii:
"Nani kanifunga mguu?"

Nikaandika kwenye faili saa, dozi, sekunde.
Halafu, pembeni, pasipo na kisanduku chake,
nikaliandika na swali.