Tulipoezua Kanisa

Mimi ni mtunza hazina wa kanisa lisilo na hazina.
Daftari langu husomwa kutoka pande mbili:
mbele, zaka na sadaka,
nyuma, tangu mwaka wa mafuriko, mto.

Jumatatu: samawati, kama sare ya shule.
Jumatano: wekundu wa mchuzi uliomwagwa,
povu mpaka kwenye daraja la mbao.
Alhamisi: hauna rangi,
ila bata wa Kirui wamesimama ukingoni, wamegoma.
Ijumaa, saa nane usiku: mvuke. Mayai viza.
Jumapili: hakuna kitu.
Kiwanda nacho huitakasa siku ya Bwana.

Na juu ya vichwa vyetu, mabati.
Arobaini na mawili, ya kijani, mapya,
yaliletwa na lori la hao hao wenye bomba.
Walipiga picha na Mchungaji Lusweti.
Walipigilia kibao mlangoni, jina lao
limelizidi la Mungu kwa upana wa viganja viwili.
Tulishukuru. Risiti niliandika mimi,
kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa kadi za harusi.

Kisha ikaja Jumapili ya Naamani,
jemadari mwenye ukoma, nenda ukajichovye mara saba.
Tindi wa Moraa, miaka sita, mikono ina vipele
visivyosikia mafuta wala maombi,
akauliza kwa sauti:
"Angejichovya kwa huu wetu?"
Hakuna aliyecheka.
Mchungaji alifunga Biblia, kidole kikiwa bado ndani.

Tulipeleka barua. Tatu.
Ya tatu mlinzi wa geti aliishika kwa ncha za vidole:
"Nyinyi si wale wa mabati?"

Neno hilo lilitufuata hadi kikaoni,
likakaa kwenye benchi katikati yetu.
Kirui, ambaye huwa hasemi, akasema:
"Mkono ulioshika cha mtu
hauwezi kumnyooshea kidole."
Tukapiga kura. Wanne walikataa,
nami, Mungu anisamehe, nilikuwa wa nne.
Nilifikiria masika.

Jumamosi Fundi Barasa alipanda na nyundo ya kung'olea.
Misumari tuliikusanya kwenye leso ya mkewe.
Baada ya alasiri vijana wa msikiti walikuja na mikokoteni mitatu,
Athman mbele, hakuuliza swali;
mto ukishatoka kwetu huwapitia wao.
Tukasukuma hadi Eneo la Viwanda,
mabati yakipiga kelele barabara nzima
kama watu waliotukanwa.

Meneja alitoka, simu sikioni.
"Fadhila ya punda," alisema, hakumalizia.
Mama Syokau akamjibu polepole:
"Punda ndiye huleta maji mtaani kwetu, baba.
Muulize yeye mtungi una uzito gani."

Nilihesabu. Arobaini na moja.
Nikaandika: moja halijulikani lilipo.
Najua lilipo. Liko juu ya kitanda cha Tindi,
na mstari huo sitaufuta wala kuusahihisha.

Bomba lilinyamaza siku tisa.
Watu wa serikali walichota chupa sita, wakaondoka;
majibu bado.
Siku ya kumi: kijivu. Nimeandika.

Ila ile Jumapili ya kwanza bado inanisumbua,
mvua ilipotukuta chini ya turubai la futari
tuliloazimwa na msikiti, linavuja kona moja,
zaburi ikiwa nusu.
Wino wa nyuma ulipenya ukafika mbele,
samawati ya Jumatatu ikailowesha zaka ya Aprili.
Nilitega sahani ya sadaka pale panapovuja.
Ikajaa maji yanayoonyesha kitako cha sahani,
nikashika kalamu,
nisijue niyaandike upande upi.