Safu Kumi na Saba

Chipu ya pampu ya Konde haina kumbukumbu ya kudumu.
Umeme ukikatika husahau hata kazi yake;
ukirudi, hukaa kama mtoto aliyeamshwa kabla ya wakati,
ingoje kuambiwa upya:
hii ni vali, huu ni mlango, hapa moja hugeuka sifuri.
Biti milioni sita, na kitundu kimoja chembamba;
zinaingia mojamoja.
Sekunde mia na moja.
Nimezihesabu. Skwambii mara ngapi.

Sekunde mia na moja vali haijui ifunge au ifungue.
Maji hurudi nyuma kwa kishindo, bomba hugonga ukuta,
na Bi Time Faki, ndoo mkononi, huwaambia wenziwe:
"Mtoto wa Shaame keshaanza tena."

Mtoto wa Shaame ndiye mimi.

Nami nilitaka kubadili nambari moja tu,
kina cha tangi cha kufungia maji.
Kwa nambari moja nikaifundisha chipu dunia nzima upya,
kama mtu anayebomoa nyumba
kwa sababu kitasa kimelegea.

Basi nikakaa Wete, chumba cha nyuma cha Mbarouk fundi mafriji,
nikaliweka faili la jana ubavuni mwa faili la leo.
Safu elfu mbili, mia moja na arubaini.
Nikazipitia safu kwa safu mpaka macho yakaingia mchanga.
Zilizotofautiana: kumi na saba.

Kumi na saba!
Nilicheka peke yangu. Mbarouk akagonga ukuta.

Mama, siku hizo, alikuwa akirekebisha mkeka wa msiba,
amefumua shupatu moja lililoliwa na panya
na mengine yote yametulia, hayajui kitu.
Ningependa kusema mkeka ndio ulionifunza.
Ungekuwa uongo mzuri.
Nilijifunza kwenye kitabu cha kurasa mia sita
kisicho na picha hata moja ya kupendeza;
mkeka nimeuona baadaye, nikaona haya.

Kitabu kilisema: uko mlango mwingine, wa ndani,
biti thelathini na mbili huingia bega kwa bega.
Kilisema: safu usizozigusa ziache zifanye kazi.
Kilisema pia, kwa herufi ndogo,
jambo nililolipuuza.

Jumatatu nilituma.
Taa ya kijani ikawaka mchana kutwa,
vali ikajifunga ikanuna,
Konde ikakaa na kiu hadi alaasiri.
Nilihesabu kuanzia moja.
Chipu huhesabu kuanzia sifuri.
Kila safu ilikuwa imelala kitanda cha jirani.
Bi Time hakusema neno siku ile,
na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alhamisi nikarudi. Nikapanga, nikahakiki,
nikahakiki kile nilichohakiki.
Nikabonyeza.

Hapakutokea kitu.
Pampu ikaendelea kunguruma kwa sauti ileile,
maji yakashuka kwenye ndoo bila kukatika uzi,
na kina kipya kilikuwa kimeshakaa mahali pake
kabla kope yangu haijafika chini.
Haikufika hata milisekunde moja.
Nikatazama huku na huku, nikitafuta wa kumwambia.

Bi Time akajitwisha ndoo yake.
"Leo hukuja kazini?"
"Nimekuja, bibi."
"Mbona kimya?"

Saa mbili usiku umeme ukakatika kisiwa kizima.
Uliporudi, chipu ilikuwa imesahau
vali, mlango, kina, nambari yangu na usingizi wangu,
ikaanza tena kupokea kwa kile kitundu,
mojamoja.
Nilisimama gizani na saa ya mkononi.
Tisini na tisa, mia moja,
mia na moja.

Nyingi ya safu zile ni tupu, zinafanana kama mayai.
Kwa nini nizitume zote?
Niandike moja, niiambie ikae kila penye utupu.

Mbarouk, usizime taa.