Pedali ya Kushoto

Nilidhani nayajua magari.
Miaka minne gerejini Tregaron, kucha nyeusi,
nimefungua giaboksi za matrekta kama mtu anavyomenya kitunguu.
Kisha Bi Gwenllian Prydderch akaniuzia Lanchester yake
ya mwaka thelathini na sita,
kwa sharti: "Hupati ufunguo mpaka ulielewe."

Akaketi kushoto kwangu, mkoba wa ukunga mapajani,
ule uliopanda vilima vyote hivi usiku,
ingawa siku hiyo hakuna aliyekuwa na uchungu,
na mvua ilikuwa ile ya kwetu, isiyonyesha wala kukoma.

Chini, pedali tatu. Nikatulia:
klachi, breki, mafuta.
"Hiyo si klachi," akasema.
Akarudia polepole, kama anayemwambia mzazi
asisukume bado.

Kwenye usukani kuna kijiti, urefu wa kidole,
kinapita juu ya shaba iliyochongwa tarakimu.
Nikakisogeza kwenye tatu.
Kimya.
Nikakirudisha kwenye mbili.
Kimya.
"Limeharibika."
"Limekusikia," akasema. "Linangoja mguu."

Ndivyo lilivyo. Unaliambia mapema, unalitekeleza baadaye.
"Ukifika kanisani utakiona kilima. Chagua mbili hapo hapo,
lakini endelea na tatu yako mpaka darajani.
Darajani kanyaga, achia.
Wakati huo mikono yote miwili iko kwenye usukani,
na kondoo wa Howell wako barabarani, kama kawaida yao."

Nikataka kujua tumboni mna nini.
Akachora kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke:
jua dogo, sayari zinazolizunguka,
ngoma, na mkanda wa kuibana ngoma.
Kila gia na mkanda wake; huu ukikaza, ule unalegea.
Na kati ya injini na yote hayo
hakuna chuma kinachoshika chuma:
mabakuli mawili yanatazamana, mafuta katikati,
moja linayakoroga, jingine linafuata,
likichelewa kidogo, kama mtu aliyeamshwa usiku.
Ndiyo maana unaweza kusimama ndani ya gia
na injini isizime.
Mchoro ukaanza kutiririka. Sayari zikaanguka kwanza.

Tukaondoka. Kanisani nikachagua.
Darajani nikakanyaga nusu.

Pedali ikanirudi kama teke la ng'ombe
aliyekamuliwa kwa mkono wa baridi.
Goti likagonga usukani, pedali ikasimama juu,
mbali kuliko ilipoanzia, kama iliyonuna.
Bi Gwenllian akacheka mpaka akavua miwani.

"Ikamate. Ishushe mpaka sakafuni, kwa nguvu zako zote.
Nusu hailijui gari hili.
Mimi lilinipiga mwaka arobaini na saba, kwenye theluji,
nikienda kwa mke wa Ifor.
Nilikuwa na haraka, mguu hauna hakika.
Nilimpokea mtoto nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.
Sasa ni mchinjaji kule Lampeter. Hajui."

Jioni akanipa ufunguo, akauchukua mkoba,
akaingia ndani bila kuligeukia gari.

Nikarudi nyumbani peke yangu.
Mbili, tatu, nne; kila mara kijiti kwanza,
kisha mwendo, kisha mguu mpaka chini.
Mfukoni nilikuwa na barua ya kazi kutoka Coventry,
imekunjwa mara nne, wiki ya tatu sasa.
Jibu nilishalichagua siku ileile ilipofika.

Baba alikuwa mlangoni na taa yake ya zizini.
Akalizunguka gari, akagusa bati, akachungulia ndani.
"Hili linaendaje?"

Nikamweleza kijiti. Nikamweleza pedali,
mikanda na ngoma, mabakuli na mafuta.
Nikamchorea jua kwenye kioo.
Nilieleza vizuri sana, hata yeye akatikisa kichwa, akasema,
"Kwa hiyo mtu anaweza kuchagua, akaenda maili nzima, na gari lisijue?"

Nikasema ndiyo.
Goti lilikuwa limeanza kuvimba.