Tundu la Tatu

Mama Cibalonza, mkanda huu wa sandali
niliutoboa mwezi wa pili,
nikautoboa tena siku ya Pasaka,
leo wataka la tatu, na ngozi imekwisha.

Wasema sukari imeshuka,
muuguzi amekupigia makofi,
kidonge kipya ni kidogo kama punje ya mtama.
Sawa. Lakini mguu wako
nikiubonyeza kwa dole gumba
shimo linabaki, kama kwenye bugali.

Na wewe ulikuwa ukipanda Kadutu
beseni la sambaza kichwani, huku ukinitukana!
Sasa wasimama kwa muuza makala,
wasimama kwa Bahizire,
wafika hapa huna hata tusi.
Mwanao kaniambia usiku walala umeketi.

Mimi si daktari. Najua ngozi,
na ngozi haivimbi bure:
maji yakituama, kuna pampu imechoka.

Sitoboi.
Vaa kandambili zangu, shuka hospitali sasa hivi.
Kidonge usikitupe, kipeleke na karatasi yake,
waulize kinaufanya nini moyo.

Lile deni la Pasaka
tutaligombania ukirudi.