Kanuni ya Nne

Ukutani mwa banda, Bwawa la Nairobi,
kanuni ya nne ingali yasomeka:
Usikwangue tumbo la mashua
kabla hujatandika turubai.

Musembi ametandika.
Anakwangua, kitambaa puani;
rangi yenye sumu ya shaba
yadondoka kama pilipili ya kusaga.
Anaizoa, hata ya kwenye mikunjo,
anaitia koponi. Kopo la sita tangu Pasaka.

Hatua kumi kutoka hapo
magugumaji yamelifunika bwawa lote,
yangeyange wanatembea juu yake bila kulowa,
na mtaro wa mtaani unamwaga
yasiyotajwa na kanuni yoyote.

“Unamlindia nani maji haya?” nikauliza.

Alipangusa kidole ukingoni mwa kopo,
vumbi la mwisho likaingia.
“Hapo ukutani hapajaandikwa
‘iwapo maji ni safi’.
Hebu nipe kifuniko.”