Maandishi Madogo

Tupokigwe amerudi na karatasi ya mdahalo,
ameikunja mara nne kama noti ya nauli:
Sayansi imemdhuru binadamu kuliko kumfaa.
Kapangiwa upande wa kuunga mkono.
"Mama, nianzie wapi?"

Mimi nipo jikoni navua mabuti.
Ukungu wa Isyonje umeshuka hadi kizingitini,
moshi wa kuni hauna pa kutokea.

Anzia mgongoni mwangu, nataka kumwambia.
Mgongo huu ulikubeba wewe kwa mbeleko,
ukabeba na bomba la dawa, lita kumi na sita,
mteremko kwa mteremko, msimu kwa msimu,
na sikumbuki tena ni kipi kilichokuwa kizito.

Ulizaliwa miezi miwili kabla ya siku zako,
kilo moja na robo.
Bibi yako aliandaa kitambaa, hakuandaa jina.
Mbeya mjini wakakulaza katika sanduku la kioo
lenye joto la kuku aliyeatamia,
mrija puani mwembamba kama kikonyo cha pareto,
na nesi Gwantwa akizisoma namba zako usiku
kama mtu anayesoma zaburi.
Siku thelathini na nane.
Umeme ulikatika mara mbili.
Jenereta ikakohoa, ikakohoa, ikawaka.
Mashine usinisimulie mimi.

Ila na babu yako Asangalwisye usimfiche,
aliyekoroga dawa kwa mkono mtupu,
akaionja kwa ncha ya ulimi ajue kama imekolea.
Leo chai yake humwagika kabla haijafika mdomoni.
Mizinga yake saba i mitupu; nyuki hawakuaga.
Daktari alisema ni uzee. Babu akasema ni baridi.
Mimi nikasema tuuze viazi.

Maana mwaka ule tuliokosa dawa
bakajani lilipita shambani usiku mmoja,
asubuhi majani meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto,
na wewe ukakaa nyumbani muhula mzima.

Haya, yaandike hayo upande mmoja wa karatasi.

Haandiki.
Amechukua chupa ya dawa pale dirishani,
anaigeuza kwenye mwanga wa taa ya sola.
Kibandiko hiki nimekifuta matope mara ngapi
nisijue kuwa kinasema.
"Mama, hapa wameandika vaa glavu."
"Hapa, usioshee bomba mtoni."
"Hapa, subiri siku kumi na nne ndipo uvune."

Nilipuliza Jumatatu.
Lori la Dar linapakia lumbesa keshokutwa.
Fedha yake ndiyo ada yako, tumeshaihesabu.

"Soma tena," namwambia. "Polepole."

Anasoma tena,
kwa sauti ile isiyosikika zamani nyuma ya kioo,
sasa imejaa jiko zima, haikwami popote.

Bado ni kumi na nne.