Deni la Paka

Mama Nandonde, nimekuja mwenyewe,
kabla ukungu haujapanda kutoka Shimo la Mungu
na Newala yote ikajifunika shuka.
Niache nikae hapa kizingitini. Ndani sistahili.

Unaukumbuka mwezi wa salfa,
mabomba yananguruma kwenye mikorosho,
vumbi la njano linatua hata juu ya chai.
Kila mtu alikuwa na vita yake.
Mimi nilikuwa na matuta manne nyuma ya jiko:
mchicha, bamia,
na miche kumi na mmoja ya nyanya
niliyoihesabu kila asubuhi kama mwalimu wa zamu.
Maji nayapima kwa kopo. Bei ya ndoo huku juu unaijua.

Walianza vidukari,
wakajipanga chini ya majani ya bamia
kama ufuta uliomwagika.
Hao sikuwaogopa. Marehemu mama aliniachia dawa yao,
akaifunga kwa vina nisije nikaipoteza:

    Mwarobaini uponde,
    pilipili hata konde,
    sabuni kidogo, chonde,
    isije choma majani.

Nikaponda. Nikachuja kwa kipande cha kanga,
nikanyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamekwenda kwao.
Siku ya tatu nikageuza jani: maganda matupu.
Na sota, wale wanaokata mche shingoni usiku,
niliwafukua kwa kijiti, mmoja mmoja,
kuku wakala.
Kuku wako, Mama Nandonde. Hilo nalo likumbukwe.

Lakini panya.
Mama hakuacha kina cha panya.
Alitoboa gunia la mbaazi, akatoboa la mbegu,
akakojolea unga,
akapita juu ya mguu wangu taratibu
kama mwenye hati ya nyumba.
Nilitega mtego wa ubao: akala dagaa,
akaniachia mtego umefumba mdomo.
Niliziba tundu kwa udongo na vipande vya chupa.
Akafungua mlango mwingine.

Ndipo siku ya gulio nikanunua ile sumu,
punje za rangi ya waridi
ndani ya karatasi ya daftari la hesabu.
Haina jina, haina maelezo.
Nikauliza, "Inaua nini?"
Yule kijana akacheka. "Mama, inaua."
Nikalipa. Sikuuliza inaishia wapi.

Asubuhi nikaokota panya wanne, nikajisifu peke yangu.
Wa tano sikumwona.
Wa tano, Karani wako ndiye aliyemwona.

Ulimtafuta siku mbili, ukimwita kwa kugonga sahani.
Mimi nilikuwa nimeshamzika chini ya mpapai,
nimemviringisha kwenye ile kanga ya kuchujia.
Ukasimama mpakani: "Jirani, hujamwona Karani?"
Nikasema, "Paka wana safari zao."
Neno hilo limenikaa kooni kama ganda la mbaazi,
kila nikimeza linageuka upande.

Na panya wamerudi, na wageni wao.
Usiku wanakimbia darini kwako, wa kwangu wanaitikia.
Sumu iliyobaki nilimpelekea bwana shamba;
aliipokea kwa mfuko, uso ameugeuza.
Magunia sasa yako juu ya kichanja,
miguu ya kichanja nimeivalisha makopo, wanateleza.
Nyasi nimefyeka mpaka kwako,
maana panya hapendi uwanja mweupe.
Hayo ningeyafanya mwanzo.
Sikuyafanya mwanzo.

Basi pokea kikapu.
Nimemtoa Kitangari kwa debe la makopa.
Simsifu: jana usiku alimwona panya
akanipanda begani akitetemeka.
Ila kucha anazo.
Tazama shingo yangu.